Choo cha Mkwe

Kwa miaka sita mama hakunywa maji nyumbani kwangu, nami nilidhani ni maringo.

Alikuwa akija mjini siku za Alhamisi, na kabla ya kurudi kijijini kwake Malinya alipitia kwangu kumwona mjukuu wake. Aliketi barazani kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Nilimletea maji, au chai, au soda siku nikiwa na moyo mzuri. "Weka hapo, nitakunywa," aliniambia. Tuliongea habari za shamba na za nani amefiwa, kisha akasimama, akajipangusa sketi, akaenda zake. Glasi ilibaki imejaa. Yale maji niliyamwagia sukuma wiki zangu, nikiwa na hasira ndogo iliyokwisha kabla sijafika mlangoni.

Mimi ni karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali hapa Kakamega. Kazi yangu ni kupokea barua, kugonga muhuri, kuandika namba, na kuiweka barua kwenye faili ambalo pengine halitafunguliwa tena. Nimeifanya muda mrefu mpaka nimezoea kupokea mambo yote hivyo hivyo. Ukiniletea habari mbaya, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuitafutia mahali pa kuiweka. Sijivunii. Ninalisema mapema ili mtu asije akashangaa kwamba katika haya yote nililia mara moja tu.

Kwetu, mama na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukwepana. Hawali meza moja, hawapeani mkono, na mama halali chini ya paa la mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja hupisha pembeni na kuangalia majani. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, mtu wa kusimama mbele ya wanafunzi mia nne bila wasiwasi, lakini mama akiwa barazani yeye hupitia mlango wa jikoni. Akiwa na neno, hunipa mimi nilifikishe. "Mwambie mama yale mahindi tumeyapata." Mama amesikia kila kitu, maana ukuta wenyewe ni mwembamba, lakini hungoja mpaka mimi nirudie, ndipo ajibu, "Mwambie asante." Nilikuwa nikiwatania wote wawili. Niliwaambia siku moja nitagoma, tuone watafanyaje.

Mwaka niliojifungua, likizo yangu ilipokwisha, mama alikataa katakata mtoto aachiwe msichana wa kazi. Kwa miezi minne alitoka Malinya alfajiri, akanikuta ninavaa viatu vya kwenda kazini. Jioni nilipoingia tu alinikabidhi mtoto mlangoni na kuondoka kabla mume wangu hajarudi. Mtoto alinenepa mpaka mikono ikawa na mikunjo. Mama alikonda kidogo, nikasema ni safari.

Ni mwaka huo huo alipoanza kuumwa. Alinipigia simu Jumapili moja akasema akienda haja ndogo anachomeka kama mtu aliyepakwa pilipili. Nilikwenda duka la dawa lililo karibu na stendi. Muuzaji hakuuliza mengi, na mimi sikutaka aulize, kwa sababu nyuma yangu alikuwa amesimama jirani yangu mmoja mpenda habari. Nilitaja dalili kwa sauti ya chini. Akanipa vidonge vya rangi mbili, nusu nyekundu na nusu nyeusi, vya siku saba. Nikavituma kwa boda boda. Siku ya tatu mama akapiga simu: "Imeisha, wewe mtoto. Mungu akubariki." Nikalifunga faili hilo.

Kumbe alikuwa amemeza vya siku mbili tu. Vilivyobaki aliviweka kwenye mkebe wa majani ya chai. Kwa mama kila kitu kina kamba yake: ufagio, mwiko, tochi, hata kikombe cha kuogea, kila kimoja amekifunga kitanzi cha kitambaa na kukitundika kwenye msumari. Mkebe nao ulifungwa kamba ukatundikwa, karibu na kalenda ya kanisa.

Hakuwa mzembe. Watu hawaelewi hapo, na mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa. Kwa mama, kumaliza kitu chote ni ulafi. Chungu hakikombwi, hubakizwa obusuma, ugali wetu, kidogo kwa mtu atakayeingia bila taarifa. Mahindi hayasagwi yote. Magunzi mazuri hutundikwa juu ya meko yangoje kupandwa. Basi na dawa ni vivyo hivyo. Mwili ukishatulia, kuendelea kumeza ni kuharibu kitu kizuri ambacho kesho kitamfaa mtu.

Maumivu yaliporudi miezi michache baadaye, alimeza vinne kutoka kwenye mkebe, akatulia. Vilipokwisha, akanipigia. Nikatuma vingine. Vile vya rangi nyekundu na nyeusi vilipoanza kuchelewa kumtuliza, muuzaji akanipa vya kijani, halafu vya njano, halafu vyeupe virefu ambavyo mama alilalamika vinamkwama kooni. Kila mara alimeza kidogo na kubakiza vingi. Mkebe ukajaa. Wanawake wa kikundi cha kanisa walijua, na walikuja kuomba, huyu jino, huyu mtoto anakohoa, na mama akawahesabia viwili viwili kiganjani. Vifaranga wake walipoanza kusinzia, alifungua kidonge kimoja akaukoroga unga wake kwenye maji yao. Nilimwona kwa macho yangu. Nilicheka, nikamwambia ingokho zake, yaani kuku, zina daktari wa kibinafsi. Sikusema zaidi ya hapo.

Miaka ikaenda hivyo. Sikuwahi kumpeleka apimwe. Leo kazi, kesho mvua, kesho kutwa mtoto ana homa, na yeye mwenyewe akisema hana shida.

Halafu, mvua za masika zilizopita, jirani yake alinipigia simu saa nne asubuhi nikiwa kazini. Mama alikuwa anatetemeka kwa homa, ameshika kiuno, anatapika, na hajui ni siku gani. Nilimaliza kugonga muhuri barua iliyokuwa mkononi, nikaiandika namba, ndipo nikasimama. Sijui kwa nini niliimaliza.

Hospitalini walimlaza. Wakachukua mkojo wake wakaupeleka maabara kuotesha vijidudu, waone ni vya aina gani na vinakufa kwa dawa ipi. Tuliambiwa tungoje siku tatu. Wakati huo alitundikiwa maji, na alikuwa akilala na kuamka akiniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Niliitikia, sikuona haja ya kubishana.

Karatasi ilipotoka, niliisoma kama barua ya ofisi: kwanza muhuri, kisha sahihi, kisha tarehe. Ndipo nikaona orodha ya majina ya dawa, na mbele ya kila jina herufi moja. R. R. R. R. Nikadhani ni alama ya mtu aliyepima.

Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyetoka pwani, mwenye Kiswahili laini na viatu vilivyochoka. "R maana yake dawa hiyo haiwaui tena," alisema. "Wameshakuwa sugu."

"Mama amekuwa sugu?"

"La, dada, si mama. Ni hao vijidudu. Kila alipomeza dawa kidogo akaacha, walikufa wale wanyonge. Walionusurika ni wale walioweza kuivumilia, na hao ndio waliozaana." Akashusha kidole mpaka karibu na mwisho wa orodha, palipokuwa na herufi tofauti. "Tumebaki na hii. Ni sindano, mara moja kila siku, siku kumi. Wameshafika kwenye figo. Tukiikatiza njiani, sijui nitakuandikia nini tena."

Akanieleza pia kwamba sindano hiyo nayo ni kali, inaweza kuzichosha figo zile zile tunazotaka kuziokoa. Mama anywe maji mengi, na mimi niangalie mkojo, wingi wake na rangi yake. "Ukipungua ghafla, au ukikatika, mlete siku hiyo hiyo. Usingoje kesho."

Niliyatazama majina yenye R. Manne niliyafahamu. Nilikuwa nimeyasoma kwenye maboksi dukani, nikingoja yafungwe.

Alimgeukia mama, ambaye homa ilikuwa imeanza kumwachia na alikuwa ameketi. "Mama, maji huwa unakunywa?"

"Nyumbani nakunywanga. Nikikuja kwa huyu mtoto, sikunywangi."

"Kwa nini, mama?"

Mama aliniangalia mimi, kisha akauangalia ukuta. "Nikikunywa nitaenda wapi? Choo ni cha mkwe."

Nilimuuliza juu ya ile miezi minne. Nilimuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Nilikuwa navumilia tu," akasema. "Nikifika nyumbani ndiyo naenda. Siku nikizidiwa nilikuwa nabeba mtoto mgongoni naenda choo ya soko."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

Daktari aliacha kuandika. Akaeleza, bila kumlaumu mtu, kwamba kubana mkojo kutwa nzima, na mwili hauna maji, ndiyo nafasi vijidudu wanayoitafuta. Nilikuwa nimesimama nimeshika reli ya kitanda. Nilingoja kuhisi kitu. Kulikuwa na ganzi tu, ile ya mguu uliokaliwa vibaya: unajua ni wako lakini hauitiki. Miezi minne nilikuwa nikienda kazini nimeshiba, nakunywa chai mbili, naenda chooni nikitaka, na mama yangu amekaa nyumbani kwangu na midomo mikavu anambembeleza mwanangu.

Siku ya nne homa ilikatika. Wodi ilikuwa imejaa, na daktari hakupenda vijidudu sugu kama hivyo vikae karibu na wagonjwa wengine. Akasema sindano zilizobaki mama anaweza kuja kuchomwa kila asubuhi na kurudi nyumbani.

"Anakaa wapi?"

"Malinya." Mvua ilikuwa hainyamazi, na mama alikuwa hawezi kufika mlango wa wodi bila kushikwa.

"Na wewe, dada?"

"Hapa tu. Dakika kumi kwa miguu."

"Basi hilo limekwisha."

"Halijaisha," mama akasema.

Nilimkasirikia. Nilimwambia mambo ambayo mtu hamwambii mama yake mbele ya watu, kwamba anataka kunifanya niseme msibani kwamba aliuawa na choo. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alijifunika uso. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Nitakujanga kila siku kutoka nyumbani," akasema. "Huwezi hata kusimama," nikamwambia. "Nitasimama."

Nilikwenda nyumbani nikamweleza mume wangu yote, ya R na ya choo. Aliingia chooni akafunga mlango, na nikasikia brashi. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumwona akiishika ile brashi. Alisugua sakafu, kuta, mpaka bomba. Alitoka akiwa amebeba mfuko wa plastiki, ndani yake taulo lake, wembe wake na malapa yake.

"Mwambie mama mimi nimehamia Lurambi kwa mwalimu mwenzangu mpaka amalize sindano," alisema. "Mwambie nyumba ni yake."

Nilimfikishia mama. Akauliza, "Amefanya hivyo?" "Amefanya." Akaniomba nimfungie kitambaa kichwani, na tukaondoka.

Alilala kitanda cha mtoto, mtoto akaja kwangu. Lakini choo hakukiingia. "Hata asipokuwepo," alisema, "choo ni chake." Nilikuwa nimechoka kubishana. Nikachukua ndoo ndogo ya rangi yenye kifuniko, nikaiosha, nikaiweka pembeni mwa kitanda, na kando yake jagi la maji. Nikamwambia jagi liishe kila siku, nami nitaangalia ndoo.

Siku zikawa na utaratibu. Asubuhi naibeba ndoo kutoka chumbani mpaka chooni, hatua tano. Naifunua, natazama. Siku ya kwanza mkojo ulikuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Siku ya tatu kama chai hiyo hiyo iliyoongezwa maji. Namwaga, navuta maji, naosha ndoo, tunaenda kuchomwa sindano, tunarudi, najaza jagi. Sikuwa na huzuni wala tumaini. Nilikuwa na ndoo. Asubuhi moja nikiwa nimeinama pale nikagundua kwamba mkojo wa mama ulikuwa ukifika kwenye choo cha mkwe kila siku, ila mimi ndiye niliyekuwa nikiufikisha, kama nilivyofikisha maneno yao. Ukipitia kwangu, haukuwa na ubaya.

Siku ya nne akaniambia amepona. "Nguvu imerudi. Hizo sindano zimebaki, wapee wagonjwa wengine."

"Mama, hizi hazibakizwi."

"Zote?"

"Zote, mpaka ya mwisho."

Alitikisa kichwa kama mtu anayeona chakula kikimwagwa. Lakini alikwenda.

Asubuhi ya sita nilifunua ndoo ikawa kavu.

Niliiinamisha kuelekea dirishani nikaangalia tena. Niliingiza mkono nikagusa chini. Kavu kabisa. Jagi la jana lilikuwa tupu, kwa hiyo maji alikuwa ameyanywa, na hayakuwa yametoka. Nikamsikia yule daktari kichwani mwangu: ukikatika, usingoje kesho. Nilianza kutafuta viatu vyake chini ya kitanda.

"Mama, vaa. Tunaenda."

"Saa ya sindano haijafika."

"Hujaenda haja tangu jana. Figo zimekataa. Vaa."

"Nimeenda."

"Ndoo ni kavu, mama!"

"Nimeenda," akasema tena, na kwa kidevu akaonyesha mlango wa choo.

Niliingia. Sakafu ilikuwa imeoshwa mpaka pembeni, bado ina maji. Kiti kilikuwa kimepanguswa. Tangi lilikuwa likijaa polepole, linanong'ona. Nyuma ya mlango, kwenye msumari tuliotundikia kioo zamani, ilikuwa imening'inia ile brashi, imefungwa kitanzi cha kitambaa kilichochanwa kwenye leso ya mama.

Nilifunika choo, nikaketi juu yake, nikalia. Sikulia kwa furaha, nisidanganye. Nilililia ile miezi minne. Nililia kwa sababu ilikuwa hatua tano tu kutoka chumbani, na ilimchukua miaka sita na figo zake mbili kuzipiga hatua hizo. Nililia kwa hasira, mdomo wazi, kama mtoto, na nje mama alingoja mpaka nikapungua. Kisha akaongea, yeye ambaye maneno yake yote kuhusu mume wangu huanza na mwambie.

"Usimwambie," alisema mlangoni.

Alimaliza sindano zote. Ndoo haikuhitajika tena. Mkojo wake ulipooteshwa mara ya pili, hakukuota kitu. Daktari alifurahi, lakini akaniambia ile karatasi ya kwanza niitunze, kwa sababu vijidudu hao wakirudi watarudi na ujuzi wao wote, na zile R hazifutiki. Ninayo, kwenye faili. Mkebe niliuchukua mwenyewe kutoka msumarini, nikaupeleka hospitalini na vidonge vyake vyote, na mama alinitazama nikiondoka nao. Kamba yake aliifungua kwanza, akabaki nayo.

Siku aliporudi Malinya, mume wangu alirudi jioni na mfuko wake wa plastiki. Aliingia chooni kurudisha taulo na wembe mahali pake. Alikawia. Nilikuwa jikoni nachambua mboga, sikutoka.

Alikuja akasimama mlangoni mwa jikoni. Alikuwa ameishika ile brashi kwa kitanzi chake cha leso, kwa vidole viwili, kwa heshima, na hakuwa ananiangalia.

"Mwambie mama asante," alisema.

Nikamwambia nitamwambia. Mpaka leo sijamwambia.